Shangazi, futari ya kikundi chetu imeleta maneno mpaka kanisani, nifanyeje?

Shangazi shikamoo. Pole na kazi ya kusoma barua zetu, mi huwa nasoma za wenzangu tu ila leo imebidi na mimi niandike mana nimefika mahali hata usingizi sipati vizuri.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Ilomba hapa Mbeya, nauza vitenge na mashuka Mwanjelwa. Ni katibu wa kikundi chetu cha akina mama. Tulianza kama vikoba tu vya kukopeshana ila tukajikuta tunazikana, tunauguzana, mtoto wa mwenzetu akienda fom faivu tunamchangia godoro na tranka, yani tumekuwa ndugu. Humo ndani kuna Wamoravian, Walutheri, Wakatoliki, Wasabato wachache, walokole na Waislamu, na sijawahi kusikia mtu anamuuliza mwenzie unasali wapi kabla ya kumpitishia mkopo.

Sasa mwaka jana 2025 si unakumbuka Kwaresma na Ramadhani ziliangukia pamoja mwezi wa tatu, tukasema kwanini tusikae jioni moja tufuturu wote, mana karibu kila mtu amefunga kwa namna yake. Watu wakafurahi. Tukachanga, kamati ya chakula ikakodi vyombo, tukaweka turubai, tukamwalika mchungaji mmoja na ustadhi wa msikiti wa jirani.

Ilianza vizuri ikaharibika sehemu mbili. Ya kwanza, mchungaji alipopewa maiki atuombee kwa ufupi akaomba weee, akaingia kwenye mahubiri, akaja kumaliza kwa kusema anayetaka kuokoka leo anyooshe mkono nimwombee. Shangazi jua ndo limezama hivyo, watu hawajatia kitu mdomoni tangu alfajiri, tende zipo mbele yao na adhana tumeisikia wote. Ustadhi akanyanyuka taratibu akatoka nje akafungua kwa maji yake ya chupa, akina mama wa Kiislamu wakamfuata mmoja mmoja. Hakuna aliyegomba wala kununa, na hiyo ndo iliniumiza zaidi, wangegomba ningejua pa kuanzia.

Ya pili ni ya mdogo wangu. Mdogo wangu wa tumbo moja alisilimu alipoolewa, anaishi Mbalizi, naye ni mwanakikundi. Pilau ilipokuja hakula. Nikamuuliza, akasema dada mi tende zimenishibisha. Baadae kabisa mama mmoja ndo akaninong'oneza kwamba zile sufuria zilikodiwa kwa jamaa ambaye wiki nzima anapikia kitimoto, na ile nyama haijulikani alichinja nani. Mdogo wangu alikuwa anajua muda wote, akanyamaza ili nisiaibike mbele za watu.

Mwaka huu wanataka tena, na mwenyekiti wa mtaa kasikia anataka iwe kubwa, aitwe padre, waitwe wachungaji na shehe, na yeye apewe nafasi ya kuongea. Huku nako mzee mmoja wa kanisa letu kaniita kaniambia mwanakwaya hawezi kwenda kukaa kwenye futari, eti ni kushiriki ibada ya watu wengine, nikiendelea nitasimamishwa kwaya. Walokole wawili wameandika kwenye grupu la wasap kwamba hela yao haiendi kwenye mfungo wasioufunga wao. Waislamu wako kimya kabisa, wanasoma meseji hawajibu. Mume wangu anasema fanya unachoona sawa, basi hapo ndo namaliziwa.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Baba yetu tangu mdogo wangu abadili dini hajawahi kukanyaga kwake. Ni mzee wa Tukuyu, akishasema neno kalisema. Nimewaza nimlete kwenye hiyo futari bila kumwambia kwamba mdogo wangu atakuwepo, mbele ya mapadre na mashehe hawezi kukataa kumsalimia mwanae, pengine ndo yakaisha.

Shangazi niendelee na hii shughuli au niachie ukatibu? Mzee wa kanisa nimjibu nini? Na mdogo wangu nianzie wapi kumuuliza kitu alichokificha kwa kunihurumia?

Katibu, Ilomba

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma nikairudia, mana ndani yake kuna mambo matatu umeyafunga furushi moja, kuna la kikundi, kuna la kanisa, na kuna la nyumbani kwenu. Ukatibu usiachie. Ukiondoka wewe anayeona sufuria ni jambo dogo ndo atashika daftari.

Kilichowaharibia mwaka jana ni kwamba mliitana kula, lakini hamkukubaliana nani atasali nini, saa ngapi na mbele ya nani. Kula pamoja ni kitu kimoja na kuabudu pamoja ni kitu kingine. Mtu anaweza kukaa na wewe mkeka mmoja akala magimbi yako kwa roho safi na bado asitake kusema amina kwenye sala yako, na hajakukosea chochote. Hapo ndo mwanzie, kabla ya hela na kabla ya turubai, mkae kikao cha wanakikundi wenyewe bila mgeni, mseme wazi kwamba mnachoandaa ni chakula cha jioni cha majirani, na kila mtu ibada yake anaifanya kwa namna yake.

Sasa jikoni, na hapa utanivumilia nitakaa sana. Watu wengi wanadhani umoja wa dini unajengwa na hotuba za viongozi, mi naona kwa mji kama wetu unaanzia kwenye sufuria. Mbeya kitimoto kinaliwa sana, kila kona kuna jiko, wanaokula wana haki yao na sitaki mtu awaguse, ila sufuria iliyopika kitimoto kumpakulia Muislamu bila kumwambia ni kumdanganya. Kwaiyo msikodi tena. Pelekeni hoja kwenye kikao mnunue sufuria mbili kubwa, karai, miiko na beseni za kikundi, viwe vya misiba, ubatizo, maulidi na harusi za wanakikundi wote, na viwekwe nyumbani kwa mama mmoja wa Kiislamu kwa makubaliano kwamba nguruwe haingii humo. Hapo hata hao wawili wanaokataa kuchanga futari hawana cha kulalamika mana chombo ni cha kila mtu na kitabaki.

Nyama achaneni nayo kabisa. Najua utaniambia shughuli bila nyama watu wa Mbeya watasema, waseme. Jambo la nani achinje limewahi kuleta balaa nchi hii, Februari 2013 kule Buseresere, Geita, ugomvi wa kuchinja uliishia mchungaji kuuawa, kwaiyo usinione nakuza mambo. Samaki hachinjwi. Chukueni perege au mbasa kutoka Kyela, msichukue kambale kwa sababu hao Wasabato wenu hawali samaki asiye na magamba. Hapo mna mchele wa Kyela, magimbi, ndizi za Tukuyu, viazi vitamu, maharage ya nazi, uji wa pilipili manga, tende za kufungulia, na tangawizi ya moto badala ya chai na kahawa mana nao Wasabato wengi hawanywi. Meza hiyo hakuna dini itakayokaa njaa, na gharama itashuka.

Siku pia ina maneno yake. Mwaka huu Jumatano ya Majivu ni tarehe 18 Februari na mwezi wa Ramadhani unatarajiwa kuandama siku hizo hizo, kwaiyo tena mtakuwa mnafunga pamoja. Ijumaa msiweke, Mkatoliki hali nyama, na hata kama mna samaki, Waislamu siku hiyo wana Ijumaa yao na wamechoka. Jumamosi Wasabato hawawezi kupika mpaka jua lizame, na jua likizama ndo mnatakiwa muwe mnakula. Wekeni Jumapili jioni. Makanisa yamemaliza mapema, na kwa Wakatoliki Jumapili haihesabiki kwenye zile siku 40 za mfungo, kwaiyo watakuja bila dhamiri kuwasuta.

Saa msiifuate redio. Hili naliona kila mwaka, mtu kawasha redio anasikia adhana ya Dar anafikia tende. Sisi tuko magharibi ya Dar, jua letu linachelewa kuzama kwa dakika 20 na kitu, mtamfunguza mtu kabla ya wakati na mfungo wake wa siku nzima mmeuharibu. Fuateni adhana ya msikiti wa hapo Ilomba au ratiba yao ya mwezi. Adhana ikilia, tende na maji ziwe zimeshafika mikononi mwa watu, mtu asiwe anatafuta sahani. Wakishafungua wataenda kusali magharibi kwanza ndo warudi kula, kwaiyo tengeni sehemu safi, mikeka, ndoo za maji ya udhu na kata, kibla waulizeni wenyewe, kwa Mbeya ni upande wa kaskazini huko milimani. Hizo dakika 10 hivi wanazosali nyie wengine mnapakua uji. Hakuna muziki, hakuna kwaya, hakuna mtu kupima spika alo alo.

Tukija kwenye maiki, mchungaji wa mwaka jana sitamsema vibaya, kuna watu wakishika maiki moyo unawaka na wanaamini wanakusaidia. Kosa lilikuwa la mpangilio. Mkutano wa injili una siku yake na uwanja wake, akihubiri Ruanda Nzovwe anayekwenda anajua anakwenda kusikiliza nini, lakini mtu uliyemuita kula ukaanza kumhubiria, ni kama umemfungia mlango ndani. Wewe kama katibu mfuate kila kiongozi kwa miguu yako, usitume meseji, umpe karatasi ya ratiba, umwambie baba mchungaji, baba padre, shehe wangu, tunaomba sala fupi ya kila upande kama zinavyofanyika kwenye sherehe za kitaifa, mmoja baada ya mwingine, dakika 3 kila mmoja, na hatuombi mtu abadili dini siku hiyo. Sala zote ziishe nusu saa kabla ya magharibi. Asiyekubali masharti hayo mshukuru, mwambie karibu ule, ila maiki hapati. Na emsii awe mama mtu mzima mwenye uso mkavu, asiyeona aibu kusema asante sana baba, tunaendelea.

Mwenyekiti wa mtaa mpe nafasi ya kukaribisha wageni, basi. Akitaka iwe kubwa mwambie mwaka huu ni ya kikundi. Mkileta viongozi wengi, viti vya mbele vinajaa wakubwa na wale akina mama waliotoka na ndoo sokoni wanakaa nyuma kwenye shughuli yao wenyewe, na vilevile watu watageuza kuwa siasa, hicho sikitaki kwenye futari ya mtu yeyote.

Hao walokole wawili waache. Ibara ya 19 ya Katiba yetu ya 1977 inampa kila mtu uhuru wa imani yake, na ndani ya uhuru huo kuna kukataa pia. Futari ichangwe na wanaotaka, kwa daftari lake, isiguse akiba za kikundi. Msiwatoe kwenye grupu, msiwasimange, mtu akifiwa kesho kati yao mwende vilevile. Ila wewe hamisha mazungumzo haya wasap uyapeleke kikaoni, mana kule mtu anaandika saa 5 usiku kitu ambacho hawezi kukisema akikuangalia. Kimya cha Waislamu wenu kinatokana na hapo hapo, wao ni wachache, kila neno lao litasomwa na kusambazwa. Waulize uso kwa uso, na usiwaulize wote kwa mpigo, mmoja mmoja jikoni kwake.

Kuhusu kwaya. Mzee wa kanisa ana heshima yake ila sio yeye anayeamua peke yake, nenda kwa mchungaji wako na ile ratiba mkononi. Mwonyeshe kwamba wakati wenzako wanaswali wewe unapakua uji, hakuna mahali umeandikiwa kufuatisha. Muombe msome wote Warumi 14, Paulo anaongea humo habari za watu wanaokula na wasiokula na namna ya kutomuumiza mwenzio kwa chakula, mi sijui sura inayofaa zaidi kwa jambo lako. Na umkumbushe kwa adabu kwamba kama kanisa lenu liko CCT, ile Jumuiya ya Kikristo Tanzania, kama walivyo Wamoravian, Walutheri na Waanglikana, basi viongozi wenu wa juu wamekaa meza moja na BAKWATA ya Waislamu na TEC ya maaskofu Wakatoliki mara nyingi tu. Mwaka 2008 taasisi hizo tatu zilitoa ripoti ya pamoja kuhusu dhahabu yetu na jinsi nchi inavyopunjwa. Hakuna aliyesilimu wala aliyebatizwa kwenye ripoti ile, walifanya kazi iliyokuwa mbele yao wakarudi kila mtu kwake kusali.

Sasa ikitokea mchungaji naye akasema hapana, ukubali kusimamishwa kwaya? Hapo sikudanganyi, ni gharama ya kweli, kwaya kwa mtu wa huku ni nyumbani kwa pili. Mi ningekaa nje msimu mmoja nikaimba kwenye benchi la kawaida, kuliko kumuachia mdogo wangu ajue kwamba hata dada yake anaogopa kuonekana naye akifuturu. Lakini hilo utaamua wewe na mume wako, na huyo mume mwambie "fanya unachoona sawa" haitoshi, aje nawe kwa mchungaji akae pembeni yako.

Na baba. Mwanangu hapa nakukataza kabisa. Usimlete mzee kwa hila. Mzee wa Kinyakyusa ukimtega mbele ya watu atasalimia, atampa mkono mwanae, atakula hata samaki, kisha akifika nyumbani atajua wewe na mdogo wako mmemvua nguo mbele ya wageni, na hapo mlango uliokuwa umerudishiwa tu atautia komeo. Na mdogo wako je, umemuuliza kama anataka kukutana na baba yake kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote hiyo, ana njaa, mbele ya mwenyekiti wa mtaa na simu za watu zinarekodi? Huyo ni binti wa watu na ana mume, ana wakwe ambao nao watalisikia.

Habari ya baba ina watu wake. Tafuta mdogo wa baba au shangazi yenu wa kuzaliwa naye, mtu anayeweza kukaa naye bila wewe kuwepo akamwambia kaka, mtoto hajafa, kaolewa. Huenda ikachukua mwaka, huenda zaidi. Idd ikifika wewe nenda Mbalizi na watoto wako, wabebe watoto waseme wamekula biriani kwa mama mdogo, na ukirudi mpigie baba umsimulie kawaida kama unavyomsimulia habari za mvua. Usiombe kitu. Acha azoee kusikia jina la mwanae ndani ya nyumba yake.

Mdogo wako nenda wiki hii, usingoje futari. Nenda peke yako bila daftari la kikundi. Usianze kwa kulia wala kwa kuomba msamaha mrefu, mana ataanza kukubembeleza wewe na jambo lake litapotea tena kama lilivyopotea siku ile kwa kukuhurumia. Mwambie tu, mdogo wangu mwaka jana hukula na nimejua kwanini, mwaka huu tunataka kununua vyombo vyetu, niambie nini kingine kinakukwaza ambacho sisi hatukioni. Kisha nyamaza. Ataongea, na nadhani utasikia mengine kuliko ya sufuria. Ila usimfanye yeye ndo msemaji wa Waislamu wote wa kikundi, wala usimpe jiko lote asimamie eti kwa sababu anajua halali. Ni mdogo wako aliyealikwa kula, akitaka kusaidia atasema mwenyewe.

Nikumbushe jambo moja na wakubwa kikundini watakuunga mkono: soko la Mwanjelwa lilipoungua mwaka 2006, watu walivutana mikono kwenye moshi, wakagawana mitaji na sehemu ya kupanga bidhaa, na hakuna aliyeulizwa dini. Hao wamama wakumbushe hilo kwenye kikao, wengine wao walikuwepo.

Turubai lipie mapema na uchague lenye kuta za pembeni, mana Februari huku mvua haituachi, na ile sehemu ya kuswalia muiezeke kwanza kabla ya meza ya wageni. Mchungaji akishakujibu niandikie, hata kama amekataa.

Ndaga fijo (asante sana),
Shangazi